Neno tranq limejificha wapi? Q isiyofuatwa na U

SWALI: Nafundisha Kiingereza Kayole, na nina chama cha Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, cha Gredi ya 7 na 8. Mtoto akishika Q bila U huona mchezo umemwishia. Nimepakua orodha ya maneno ya Kiingereza kwenye laptopu ya Ubuntu na kuandika amri ya grep, inayotafuta maneno ndani ya faili: grep 'q[^u]' maneno.txt. Maneno yalitoka, lakini mwenzangu anasema tranq ni halali na mimi silioni. Na je, nitapataje maneno yenye A, R na T kwa pamoja?

JIBU: Mwalimu, mwenzako hajakosea, na kompyuta nayo imetii ulichoiamuru. [^u] haimaanishi "pasiwe na u". Inamaanisha "pawe na herufi moja hapa, yoyote ila u". Tranq linaishia kwenye q, nyuma yake hakuna kitu, kwa hiyo linarukwa. Andika hivi:

grep -E 'q([^u]|$)' maneno.txt

Alama ya dola ni mwisho wa mstari. Sasa unasema: q ifuatwe na herufi isiyo u, au neno liishie hapo.

Kosa lako limenionyesha jambo jingine, kwamba faili lako ni safi. Mafaili yaliyotengenezwa kwenye Windows huwa na alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na grep huihesabu kama herufi. Lingekuwa la namna hiyo, tranq ungeliona tangu mwanzo, kwa bahati tu. Mimi alama hiyo iliniaibisha nilipokuwa nikitunga mafumbo ya maneno kwa jarida moja dogo hapa mjini. Niliomba maneno ya herufi tano kwa '^.....$' (^ nje ya mabano ni mwanzo wa mstari, na kila nukta ni herufi moja yoyote), nikapewa ya herufi nne, nami sikuhesabu. Fumbo likachapwa na visanduku vitupu, simu zikaanza kulia asubuhi. Tangu siku hiyo kila faili nalisafisha kwanza: tr -d '\r' < maneno.txt > safi.txt

Ukiona Iraq imejitokeza, orodha yako ina majina ya pekee, na Scrabble haiyataki. Pitisha kwanza kwenye grep '^[a-z]*$'.

Tuje kwa A, R na T. "Kwa pamoja" yako ina maana tatu, na kila moja ina amri yake. Kama herufi zimeshikana kwa mpangilio huo, kama katika party na heart, grep 'art' inatosha. Kama zote ziwemo popote, kama katika water, zipange amri kwa foleni:

grep a maneno.txt | grep r | grep t

Kama neno liwe na herufi hizo tu, ongeza mwishoni | grep -E '^[art]+$'. Utapata rat na tar, lakini pia tart, ambalo linakula T mbili. Mtoto mwenye T moja mkononi halimfai. Liondoe kwa | grep -v 't.*t', na fanya vivyo hivyo kwa A na R. Hapa ndipo wengi hulaumu orodha bure.

Lakini kabla hujawakaririsha watoto maneno ya Q, waulize wanaosoma madrasa. Kadhi, talaka, fakiri, nikabu: yote yametoka Kiarabu na yote yana herufi qaf. Sisi tuliigeuza k, Waingereza mara nyingi wakaiandika q. Ndiyo maana katika orodha ya Collins, inayofuatwa na mashindano mengi nje ya Marekani Kaskazini, kuna qadi, talaq, faqir na niqab. Mtoto wa Eastleigh anayajua maana zake kabla ya kuyajua tahajia yake, na mimi naona hapo ametangulia hatua moja.

Bado qi, neno la vigae viwili lenye pointi 11, kwa kuwa Q peke yake ni 10. Orodha rasmi ya Marekani Kaskazini ililipokea mwaka 2006, na baadhi ya orodha za bure mtandaoni ni za kabla ya hapo. Andika grep -x qi maneno.txt. Isipotoa kitu, tafuta orodha mpya zaidi kabla chama hakijakutana tena.