Kwa Nini Programu Yangu Yasema 2147483647 Si Tasa?

SWALI: Mhariri, nasomea kompyuta hapa Nairobi, naishi Kasarani. Nimeandika programu, kwa lugha ya kompyuta ya Java, ya kupima nambari tasa. Inagawanya nambari n kwa 2, kisha kwa kila witiri i, yaani 3, 5, 7 na kuendelea, mradi i*i <= n. Nambari ndogo zote inazipatia. Nikiipa 2147483647 inakawia, halafu inajibu kwamba si tasa. Kitabu chasema ni tasa. Nani amekosea?

JIBU: Kitabu kiko sahihi. Nambari hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, na mwanahisabati Leonhard Euler alikuwa amethibitisha utasa wake kufikia mwaka 1772, bila mashine yoyote. Tena ndiyo nambari kubwa kabisa inayoweza kukaa katika int, aina ya kawaida ya nambari kamili katika Java, yenye biti 32. Hapo ndipo penye kasoro yako.

Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushei. i ikifika 46341, mraba wake ni 2147488281, nao hauenei katika int. Java hailalamiki: inakata biti za juu na kukuachia -2147479015. Hasi hiyo ni ndogo kuliko n, basi mzunguko unaendelea. Na kwa kuwa hakuna int inayoizidi 2147483647, sharti lako halivunjiki kamwe. i inapanda hadi kulingana na n yenyewe, baki linakuwa 0, na programu inadhani imepata kigawanyo. Kosa hili hujificha vizuri sana. Nambari zilizo chini ya bilioni 2 hazitakuonyesha.

Achana na mraba. Andika i <= n / i. Kwenye 46341, n / i ni 46340, na mzunguko unakoma. Kuifanya i iwe long, aina ya nambari kamili yenye biti 64, kunatibu pia, lakini kuigeuza n peke yake hakusaidii kitu, maana i*i bado inazidishwa kama int.

Ukisharekebisha, jaribu njia ya Euler, ni tamu mno. Kigawanyo tasa chochote cha nambari hii lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 31, na 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha masharti hayo, kikigawanywa kwa 248 kitabakisha 1 au 63. Ukiacha 1 na 63 zenyewe, zinazosalia hadi 46340 ni 372 tu, na nyingi si tasa: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7. Tasa ya kwanza ni 311, inayofuata ni 1303.

Kwa kikokotoo cha simu, gawanya kwa 311, chukua sehemu kamili pekee, 6905092, uizidishe tena kwa 311: 2147483612. Baki ni 35. Kwa 1303 utapata 226. Usilitafute baki kwenye desimali. Tarakimu za mwisho huwa zimekadiriwa.