Maswali yenu ya mwezi huu: giza la dakika sita, mjusi wa Tendaguru na majirani wa ng'ambo ya Ruvuma

Mmeandika sana mwezi huu. Yamekuja maswali ya Japani, ya Australia, ya Ujerumani, hata ya wadudu wanaoliwa Ulaya. Nimechagua yale yanayotugusa sisi watu wa Kusini, pamoja na mengine ambayo yamerudiwa mno.

Mwalimu, shikamoo. Nimetumiwa ujumbe kwamba dunia nzima itaingia giza kwa dakika sita. Ni kweli? (Msomaji, Masasi)

Marahaba. Si kweli, na hii ni mara ya tatu najibu swali hili. Ujumbe huo ulizunguka ukitaja tarehe 2 Agosti 2025. Tarehe ikafika, ikapita, jua likawaka kama siku zote, na waliousambaza hakuna aliyerudi kuomba radhi. Kupatwa kwa jua kwenyewe ni kwa tarehe 2 Agosti 2027. Giza kamili litapita katika ukanda mwembamba tu: kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemeni, hadi Somalia. Karibu na Luxor, Misri, litadumu dakika sita na sekunde kadhaa, na hapo ndipo zilipookotwa hizo dakika sita. Kivuli cha mwezi ni kidogo kuliko dunia, hakiwezi kuifunika yote. Mnaokumbuka tarehe 1 Septemba 2016 mnajua: ilibidi watu wafunge safari mpaka Rujewa, kule Mbarali, ili waone jua limebaki pete.

Ujumbe usiosema ni lini na ni wapi uishie kwako. Na siku ya kupatwa kwa jua, popote ulipo, usilitazame kwa macho matupu hata kidogo. Jicho linaungua bila kuuma, na likiungua ndio basi.

Kuna programu ya simu inalipa ukitazama video. Wenzangu wawili wameshalipwa. Niweke fedha ya korosho? (Tandahimba)

Usiweke.

Wenzako wamelipwa kwa fedha za walioingia nyuma yao, na wewe ndiye unayetakiwa uingie nyuma yao. Charles Ponzi aliwafanyia hivyo watu wa Boston, Marekani, mwaka 1920, na hao nao walianza kwa kusema "fulani ameshalipwa". Matapeli wanaijua kalenda yetu vizuri kuliko tunavyodhani. Mwezi wa tatu hawaonekani. Minada ikianza Oktoba na malipo yakiingia kwa wakulima, simu zinalia kutwa nzima. Fedha uliyoipalilia na kuipulizia dawa tangu kiangazi usimpe mtu usiyejua anakaa wapi.

Australia wamewakataza watoto mitandao. Je, mtoto akikutwa nayo anafungwa? (Baba wa watoto watatu, Lindi mjini)

Hafungwi, wala mzazi wake hafungwi. Sheria ilipitishwa Novemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Inazitaka kampuni zizuie watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na mingine kadhaa. Kampuni isiyochukua hatua inaweza kutozwa faini ya mpaka dola za Australia milioni 49.5. Mzigo umewekwa kwa mwenye duka, mtoto aliyeingia dukani hakuguswa. Hapo naona wamefikiri vizuri, ingawa watoto wajanja watatafuta upenyo na wengine wataupata.

Ila baba, hukuniuliza habari ya hapa nyumbani, na mimi nitakuambia. Mwaka jana nilialikwa Mikindani kwenye sherehe ya kumtoa mwali. Ngoma ilikuwa nzuri, nyakanga, yaani kungwi mkuu wa unyago, anaongoza, akina mama wamevaa sare. Binti alipotolewa nje, simu zisizopungua ishirini ziliinuka kwa pamoja zikiwa na taa. Nilimwona mtoto yule akivuta kanga kufunika uso, na shangazi yake akiishusha ili picha itoke vizuri. Kesho yake asubuhi video ilikuwa imefika Dar es Salaam. Bibi zetu walilinda mambo ya unyago hata mume wa mtu hayajui, leo tunamrushia yeyote mwenye bando. Kampuni za Australia zimewekewa sheria. Yule shangazi mwenye simu mkononi nani atamzuia, kama si sisi tulioalikwa? Nyakanga wanaonisoma, nawaomba: kabla ngoma haijapigwa, simu zikusanywe kwenye kapu.

Ni kweli Wazungu wanalazimishwa kula wadudu? (Wengi)

Hawalazimishwi. Umoja wa Ulaya uliruhusu aina chache ziuzwe kama chakula, kuanzia mwaka 2021, na lazima kifungashio kiandikwe wazi. Asiyetaka hanunui. Nashangaa swali hili linatoka kwa watu wanaokusanya kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha, na wengine Newala na Tandahimba wanakula panya wa shambani tangu enzi za babu zao na wamelelewa wakanawiri. Chakula cha mtu msikidharau.

Mwalimu, Ujerumani imerudisha sanamu za Benin. Mjusi wetu wa Tendaguru atarudi lini? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Lindi)

Mjukuu wangu, swali lako ni zuri, lakini kwanza tunyooshe kitu. Benin zipo mbili. Sanamu za shaba zilizorudishwa na Ujerumani Desemba 2022 ni za ufalme wa Benin ulioko Nigeria, ambazo Waingereza walizipora mwaka 1897. Nchi inayoitwa Benin ni nyingine, nayo ilirudishiwa vitu 26 na Ufaransa mwaka 2021. Ukienda kwenye mdahalo ukachanganya hizo mbili, mpinzani wako atakumaliza hapohapo.

Sasa mjusi, yaani dinosaria, mnyama mkubwa wa kale. Kilima cha Tendaguru kiko Mipingo, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Wajerumani walichimba pale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Kumbuka hiyo miaka. Vita vya Maji Maji vilivyoanzia Umatumbini, mkoani kwetu humuhumu, vilimalizika mwaka 1907, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Kwa hiyo waliochimba na kubeba ni watu waliotoka kuzika ndugu zao. Mifupa ilifungwa ikabebwa kichwani na mabegani, siku kadhaa za kutembea mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Leo mjusi amesimama Berlin, kimo chake mita 13 na zaidi, na ni miongoni mwa mifupa mirefu kuliko yote iliyosimamishwa katika makumbusho duniani.

Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Watu wa Lindi wangapi wanalijua jina hilo? Wataalamu wa mbali wanalijua: mwaka 2007 aina moja ya mjusi wa Tendaguru iliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Nyingine ikapewa jina la Wamweracaudia mwaka 2019, kwa ajili ya Wamwera. Katika vitabu vya sayansi vya dunia Wamwera wamo, na mtoto wa Kimwera anamaliza shule Nyangao bila kuambiwa.

Mwaka 1998 niliwapeleka wanafunzi wa darasa la saba Tendaguru. Barabara iliisha, tukashuka tukatembea. Hakukuwa na kibao, hakukuwa na kibanda, ni nyasi na miti na jua kali. Mtoto mmoja aliokota kipande cha ukubwa wa kiganja, akashangaa uzito wake, akaniletea. Kilikuwa mfupa uliogeuka jiwe, umekaa ardhini miaka milioni 150. Nilimwambia akirudishe palepale alipokitoa. Alikirudisha kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza mtoto mchanga. Yule kijana hivi sasa ana watoto, na kila tukikutana hukumbusha siku ile.

Arudi lini, sina tarehe ya kukupa. Suala hili limefikishwa bungeni mara nyingi, na serikali imeelekea zaidi kwenye ushirikiano na makumbusho ya Berlin kuliko kudai mifupa irudishwe. Msimamo wangu nitausema wazi. Kwanza ikubalike rasmi kwamba mali ni ya Lindi, kisha ndipo tuzungumze inakaa wapi. Pili, sehemu ya fedha za tiketi za Berlin ijenge barabara na kituo pale Mipingo, chenye nakala kamili ya mjusi na majina ya wachimbaji ukutani. Mifupa ile ni mizito na inavunjika, ikiletwa leo bila jengo la kuitunza tutakuwa tumeiua mara ya pili. Lakini wanaotumia hoja hiyo kila mwaka kwa nini hawajengi hilo jengo? Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa kwenye Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilirudi kutoka Geneva mwaka 2010, baada ya miaka mingi ya kudai. Walioshika faili lile hawakuchoka. Na sisi tusichoke.

Nasikia Japani unaweza kukodi mtu awe ndugu yako kwa siku moja. Hiyo ni akili kweli? (Kilwa Masoko)

Zipo kampuni za namna hiyo, unakodi mtu akae nawe mezani au asimame kama baba kwenye harusi. Usiwacheke. Upweke umefika mahali ambapo Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafanya hivyo mwaka 2021. Mzee anafariki ndani na majirani wanajua baada ya wiki.

Na usidhani huku kwetu haupo. Vijana wa Kusini walikwenda Kariakoo kwa wingi mpaka jina la Wamachinga wa Lindi likawa jina la wachuuzi nchi nzima. Walikoondoka wamebaki nani? Nina jirani, mama wa miaka zaidi ya sabini, mwanawe humtumia shilingi elfu ishirini kila mwezi. Kijana ni mwema, hakosi. Mama huenda kwa wakala mwenyewe kwa mkongojo, na wakala akishamsomea ujumbe humwomba arudie. Nilidhani hasikii. Siku moja aliniambia anapenda kusikia jina la mwanawe likitajwa na mtu. Mnaosoma haya mkiwa Dar, fedha mnatuma, ahsanteni. Pigeni na simu basi.

Wakorea hawazai, wataisha. Sisi si bora wasichana wetu waolewe mapema ili taifa lisife? (Nachingwea)

Hapana, kaka yangu, na swali hili limenikasirisha. Korea Kusini mwaka 2023 ilifikia wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke, kwa sababu nyumba ni ghali, kazi haina mwisho, na kumsomesha mtoto mmoja kunamaliza mshahara. Tanzania tuko zaidi ya watu milioni 61 kwa sensa ya 2022. Hatutaisha. Wanaokwisha ni mabinti wa miaka kumi na tano wanaofia leba kwa sababu nyonga hazijakomaa. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni kwenye mfumo rasmi. Kama kuna binti wa namna hiyo mtaani kwako, mpeleke kwa mkuu wa shule Jumatatu hii.

Kwa nini redio zinatangaza vita vya Ukraine kila saa, na vya hapa Msumbiji hatusikii? Nina ndugu alikuwa Palma, hatujamsikia tangu 2021. (Msimbati)

Pole sana, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Vita vya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, vilianzia Mocímboa da Praia, Oktoba 2017. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Kufikia mwishoni mwa 2022 watu waliokimbia makwao walikuwa karibu milioni moja. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakachoma nyumba na kuua watu Kitaya, ndani ya mkoa wa Mtwara. Wanajeshi wa Rwanda walipelekwa Msumbiji mwaka 2021, na wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, pia. Mashirika makubwa ya habari yaliandika sana wiki ile ya Palma, kwa sababu mradi wa gesi na wafanyakazi wa kigeni walikuwemo. Mradi uliposimama, kamera nyingi zikaondoka. Kijiji cha wavuvi kikichomwa, gesi haiungui, basi habari inakuwa fupi au haipo.

Hayo ni yao. Nasikitika zaidi kwa yetu. Wamakonde wa Newala na wa Mueda, Msumbiji, ni ndugu, mto umepita katikati tu. Nachingwea ndiko FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikokuwa na kambi ya mafunzo, mama zetu waliwapikia. Leo mtu wa Mtwara anaweza kukutajia majenerali wa Urusi kwa majina, ukimuuliza Palma iko wapi anababaika. Redio za hapa zinazosikika mpaka ng'ambo zina nafasi ambayo redio za London hazina: zisome majina ya waliopotea, kwa Kimakonde na Kimwani, jioni watu wakiwa nyumbani.

Kuhusu ndugu yako. Nenda ofisi ya Chama cha Msalaba Mwekundu, ueleze kwamba unatafuta ndugu aliyepotea vitani. Wana kazi hiyo, wanashirikiana na wenzao wa Msumbiji, na hailipiwi. Mtu akikuomba fedha ili "akusaidie kufuatilia", muache. Beba jina lake kamili, majina ya baba na mama, mwaka wa kuzaliwa, kijiji alichokuwa akilala Palma, na picha kama ipo. Andika pia jina lake la utani, maana kambini wengi huitana kwa hilo.