Jibu: macOS kwenye kompyuta ya kuunga mwenyewe yenye GTX 1060

Mkuu, prosesa yako ya i5-8400 haina shida. Anayekukwamisha ni hiyo GTX 1060, kadi ya picha ya NVIDIA. Unasema Sequoia, toleo la macOS (mfumo wa kompyuta za Apple), imeingia vizuri lakini kila kitu kinajivuta: ni kwa sababu Apple haina draiva za kadi hiyo, yaani programu za kuiendesha. NVIDIA waliwahi kutoa za kwao, zikaishia High Sierra, toleo la macOS la 2017. Anayekuuzia "dawa" mtandaoni anataka hela yako tu.

Njia ya bure ni kuchomoa kadi na kutumia UHD 630, chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa. Waya wa skrini uuchomeke kwenye mazabodi. Kisha fungua config.plist, faili la mipangilio la OpenCore (programu inayowasha macOS kwenye kompyuta isiyo ya Apple), nenda sehemu ya DeviceProperties, weka AAPL,ig-platform-id iwe 07009B3E, na hakikisha viongezi vya Lilu na WhateverGreen, vinavyosaidia upande wa picha, vipo. Skrini ikibaki nyeusi, jaribu tundu la DisplayPort kabla hujagusa kitu kingine, maana HDMI za mazabodi zina visirani.

Ukitaka nguvu zaidi, uza 1060 utafute RX 580, kadi ya AMD, ya mtumba. macOS inaitambua yenyewe, ila ikwepe ile iliyoandikwa 2048SP, inasumbua.

Usizame sana mfukoni lakini. Tahoe ndiyo toleo la mwisho la macOS kwa mashine za prosesa za Intel kama yako, na leseni ya Apple hairuhusu mfumo huu nje ya kompyuta zao. Kwa hiyo mashine ya kazi za wateja usiijaribie. Na macOS iwekee SSD yake peke yake, Windows isiguswe.