Usimwahidi kilele

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema yule mwenye kampuni ya utalii hapo Arusha anataka mkataba useme kwamba ndani ya mwezi mmoja atakuwa wa kwanza Google kwa wanaotafuta safari za Kilimanjaro, na usipoandika hivyo kazi atampa mwingine. Unaniuliza ufanyeje.

Usiandike. Hata kama kodi ya ofisi inakudai.

Nimepandisha wageni njia ya Marangu miaka mingi, na siku za mwanzo nilimwahidi mmoja kwamba Uhuru atafika. Nilitaka anipende. Usiku wa kutoka kambi ya Kibo kwenda kileleni akaanza kutapika na kuyumba, nikamshusha. Hakuulaumu mlima, alinilaumu mimi, na alikuwa na haki. Tangu hapo nikawa nasema getini: kilele siwezi kukuahidi, ila kila jioni nitakupima na nitakwambia ninachokiona. Pale kambi ya Horombo nilimbana mgeni kidoleni kile kipimo cha oksijeni, nikamsomea namba, iwe nzuri iwe mbaya. Waliozoea kusomewa hata namba mbaya ndio walionisikiliza niliposema tushuke.

Krismasi ulipokuja ulinieleza kwamba Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kwamba mara nyingi matunda huonekana baada ya miezi minne hadi mwaka. Mwoneshe mteja maneno hayo kabla hamjasaini. Kisha mwahidi yaliyo mikononi mwako: kurasa utakazoziandika upya, tovuti kufunguka haraka kwenye simu, ripoti kila mwezi.

Huyo mwingine atakayekubali mwezi mmoja huenda atanunua viungo kwa mafungu, yaani linki za kutoka tovuti nyingine zinazoelekeza kwa mteja, ili Google idhani anasifika. Ulinisimulia jinsi Google walivyoziporomosha tovuti za namna hiyo mwaka 2012. Itakayoporomoka ni tovuti ya mteja.

Ripoti ndiyo inayonikaa moyoni zaidi. Mibofyo ya wanaoingia tovutini kutoka Google ikishuka, mpigie simu wewe kabla hajaiona. Mfungulie Search Console, ule ukurasa wa Google unaoonyesha tovuti inavyoonekana na kubofywa, kama ulivyonifungulia mimi. Kama tovuti inaonekana mara chache kwenye matokeo lakini nafasi yake haijasogea, yawezekana watu ndio wamepunguza kutafuta. Nafasi ikiwa imeshuka, mwambie hivyo hivyo, na umweleze unachokwenda kukagua.

Na jambo hili limenikosesha raha: ulisema akaunti za huyo mteja umezifungua kwa barua pepe yako. Mrudishie, mwanangu. Mwenye mali awe yeye, wewe akuongeze kama mtumiaji, ili siku mkiachana asikuombe kilicho chake. Mgeni wangu alipanda na pasipoti yake mfukoni mwake.

Mama yako anakusalimu. Ameshakata mkungu wa ndizi, anataka kukupikia mtori Jumapili. Njoo na huo mkataba tuusome pamoja, na kodi ikipungua niambie ni kiasi gani.

Baba yako