Mkojo ukichoma, upimwe kwanza: jibu kwa mdogo wangu wa saidia fundi

Mdogo wangu, hivyo vidonge viwili vilivyobaki usivimeze kabla hujapima. Umeuliza chumba cha bei nafuu Mbagala, umeuliza malipo ya siku ya saidia fundi, kisha mwishoni, kama jambo dogo, ukaandika kwamba tangu utoke Singida na kuanza kubeba zege hapa Dar es Salaam mkojo unakuchoma, na kwamba muuza dawa amekupa vidonge vinne ambavyo viwili umeshameza. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishindwe kunyamaza.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye jengo la ghorofa huko Goba. Choo hakikuwepo. Wanaume walijisaidia nyuma ya lundo la kokoto, nasi wanawake wanne tulibana mkojo tangu saa moja asubuhi mpaka jioni. Msimamizi alitwambia waziwazi kwamba anayekunywa maji mengi anachelewesha kazi, na siku ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, kwa kuwa zege halilali, hakuna aliyethubutu kutoka kwenye mstari wa kupokezana ndoo. Tukaacha kunywa maji. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, kisha ukaanza kuchoma.

Nilikwenda duka la dawa la mtaani. Muuzaji hakuniuliza kama nina mimba, kama nina homa, wala kama nilishawahi kuumwa hivyo. Alisema ni UTI tu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akanikatia vidonge vinne kwa kuwa nilikuwa na hela ya vinne. Maumivu yalipungua siku ya pili, nikarudi kazini nikimsifu. Baada ya wiki tatu yakarudi, nikanunua tena vinne, na safari ya tatu vilevile. Mpaka leo nikimkumbuka yule mtu moyo unanichemka, maana alijua kwamba nusu dozi huwaacha hai bakteria wagumu zaidi, na bado kila mara alipokea hela yangu akitabasamu.

Safari ya nne ilianza na baridi kali ya kutetemeka mchana wa jua, kutapika, na maumivu upande mmoja wa mgongo chini ya mbavu. Nilidhani ni malaria, nikameza dawa mseto bila kupima, nikapoteza siku mbili nyingine. Jirani ndiye aliyenipakia kwenye bajaji. Hospitali walipima mkojo, wakauotesha maabara ili kuona ni bakteria gani na dawa ipi inawaua, wakaona maambukizi yamefika kwenye figo na kwamba dawa ile niliyokuwa nikiimeza kwa vipande haikuwa na nguvu tena juu ya bakteria wale. Nililazwa siku sita kwa sindano za mshipa, na fedha nilizokuwa nikimwekea mama kwa ajili ya mabati zikaishia pale. Kwa miezi miwili sikuweza kuinua hata ndoo moja.

Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, hivyo bakteria hupanda haraka, hasa mkojo unapobanwa na maji hayanywewi. Kama una mimba, hatari ni kubwa zaidi, kwani figo zikiambukizwa mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati. Na asikudanganye mtu kwamba choo ni hisani ya bosi: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke vyoo na maji ya kunywa. Mkiomba, ombeni wote kwa pamoja, kwa sababu mmoja peke yake hufukuzwa.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nenda zahanati. Mkojo wa mwanzo umwage, kinga wa katikati kwenye kikopo safi watakachokupa. Beba na karatasi ya hivyo vidonge, waone ulichokwisha kumeza. Ukianza kutetemeka au mgongo ukauma upande mmoja usiku huu, usingoje kesho.