Kwa Mnaopokea Usukani wa Birika: Uzoefu wa Gari la Matangazo Nyanda za Juu Kusini

Ndugu zangu, gari mtakalokabidhiwa ni lori dogo la kawaida aina ya Canter kuanzia chasisi kwenda chini, lakini juu yake limefungwa birika la faiba lenye mkono, kifuniko, na mdomo unaotoa moshi kama ule wa kumbi za harusi pale mnapobonyeza swichi iliyo kando ya redio. Nimeliendesha kwa miaka minne kati ya Iringa na Tunduma, na kushuka nalo hadi Kyela, nikitangaza majani ya chai. Udereva wenyewe mnaujua, maana leseni ya daraja E haiokotwi. Ninachotaka kuwaandikia ni jambo ambalo sikufundishwa chuoni wala kazini, nalo ni namna ya kuendesha gari ambalo kila mtu aliye barabarani analitazama.

Kazi hii haikuanzia kwetu. Huko Marekani, kampuni ya Oscar Mayer ilitengeneza gari lenye umbo la soseji mwaka 1936 mjini Chicago, na hadi miaka yetu hii magari ya ukoo huo yameendelea kuzunguka nchi yao, yakiendeshwa na vijana waliomaliza chuo kikuu ambao huajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza ulitosha kunifundisha mahali pa kuegesha tu.

Siku yangu ya tatu kazini nilikuwa nikipita Ilula, mahali ambapo nyanya hupangwa pembeni mwa lami kwenye matenga. Nilikuwa upande wangu, mwendo wangu haukufika kilomita 50 kwa saa, na sikuwa nimemgusa mtu. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akija mbele yetu aliliona birika, akageuza shingo kulisindikiza kwa macho, na pikipiki yake ikaenda yenyewe hadi kwenye matenga. Alichubuka kiwiko tu, lakini matenga mawili yalikuwa yameshageuka rojo. Mama mwenye nyanya hakuhangaika na kijana hata kidogo, bali alinifuata mimi dirishani akaniambia, “Baba, hili dude lako ndilo limempofusha mwenzio.” Kisheria sikuwa na deni, ila nililipa, kwa sababu baada ya wiki mbili nilikuwa nirudi Ilula na birika lile lile, na birika haliwezi kujificha.

Tangu siku ile niliacha kuogopa nisichokiona, nikaanza kuogopa wanaoniona. Dereva wa lori la kawaida hujiuliza kama njia ni nyeupe, lakini ninyi jiulizeni ni nani aliye karibu ambaye sasa hivi hatazami njia. Ndani ya makazi sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa, nami nawashauri mwende 30. Msiwashe moshi wala muziki gari likiwa linatembea katikati ya watu, na msipige honi kuitikia salamu za watoto, kwa kuwa mtoto akisikia honi huiona kuwa ni mwito, naye huvuka barabara kuuitika. Jihadharini zaidi na magari madogo yanayowapita huku abiria, na wakati mwingine dereva mwenyewe, akirekodi video kwa simu. Mtu wa namna hiyo hatamaliza kuwapita, atang’ang’ania ubavuni mwenu hadi kona iwakute pamoja. Punguzeni mwendo mpaka achoke kuwasubiri.

Kurudi nyuma ni jambo ambalo sitaki mlifanye bila tandiboi, yaani msaidizi wenu wa garini, kushuka. Watoto hupanda bampa la nyuma kimya kimya ili waguse mkono wa birika, na kwenye vioo hawaonekani. Mimi na mwenzangu tulikuwa na desturi kwamba yeye huzunguka gari lote akigonga bodi kwa kiganja, mara tatu kila upande, na nisiposikia kofi la tatu la nyuma sigusi gia.

Sasa nije kwenye mlima wa Kitonga. Mkitokea Ruaha Mbuyuni mtakuwa mmetoka bondeni kwenye joto, kisha mnaanza kuupanda mlima wenye kona kali nyuma ya malori ya Zambia na Kongo yanayotambaa kama vinyonga. Birika halina uzito mkubwa, lakini limefunika sehemu ya nafasi ya hewa nyuma ya kibini, na injini hupata joto mapema kuliko Canter nyingine. Mwaka wangu wa kwanza rejeta ilichemka katikati ya mlima, na mvuke halisi ukapanda kutoka mbele ya gari. Nilikuwa nimesimama pembeni nimejishika kichwa, nimeshaweka matawi barabarani kuonya wanaokuja, na kila lori lililopita lilinipigia honi kwa furaha, maana madereva walidhani birika linachemka kwa makusudi. Mmoja alishusha kioo akaniuliza kama sukari ipo.

Kwa hiyo upandeni alfajiri, kabla jua halijakolea, na mbebe madumu mawili ya maji ya rejeta yasiyoguswa kwa kazi nyingine. Injini ikichemka msifungue kifuniko cha rejeta kwa haraka. Subirini ipoe hata kama watu wanawacheka. Kumbukeni pia kwamba kadiri mnavyopanda ndivyo maji yasiyofungiwa huchemka kwa joto dogo zaidi. Mbeya, ambayo ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi kama 94 za Selsiasi, si 100. Rejeta yenye kifuniko kizima hushikilia presha na kuzuia hali hiyo, lakini kifuniko kilicholegea mpira kitawaumbua huku juu hata kama Morogoro kilikuwa hakijawapa shida. Kwenye kushuka, iwe Kitonga au miteremko ya Inyala na Iwambi, gia mnayoihitaji kupandia ndiyo mshukie. Breki zikitumika peke yake kwenye mteremko mrefu hupata moto, na zikishapata moto hazishiki.

Mizani mtaikuta Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba, na kwa kuwa gari linazidi tani tatu na nusu ni lazima muingie. Msikasirike mkiona watumishi wanatoka ofisini kupiga picha. Askari wa usalama barabarani nao watawasimamisha mara nyingi, na nusu ya mara hizo si kwa kosa lolote bali kwa hamu ya kulitazama birika kwa karibu. Shukeni, wasalimuni vizuri, waonyesheni mnachoulizwa. Kadi ya gari iwe imeandikwa mabadiliko ya bodi, na bima iwe inajua kwamba linalobebwa ni birika na si bodi ya mbao, kwa sababu gari lililobadilishwa umbo bila kuandikishwa huwa na maswali mengi siku ya ajali.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Kibali cha halmashauri kwa ajili ya matangazo, barua ya kumjulisha mtendaji wa kata na polisi, na leseni ya hakimiliki kwa muziki mnaoupiga hadharani, vyote viwe kwenye faili moja, na nakala zake kwenye faili jingine lililo chini ya kiti. Promota atawaambia ameshaongea na wahusika kwa simu. Mwambieni awape karatasi.

Mahali pa kusimama ndipo mtakapogombana na watu wa idara ya masoko ya kampuni. Wao wanataka Mwanjelwa na Kabwe pale Mbeya mjini, kwa kuwa watu wapo, nao hawakosei. Lakini barabara kuu iendayo Zambia inapita katikati ya watu haohao, na umati ukishazunguka birika, wa nyuma wanakuwa wamekanyaga lami bila kujua. Tafuteni kiwanja chenye kina, ambapo mkikaa ndani kabisa umati utakuwa kati yenu na uzio, si kati yenu na malori. Msisimame mbele ya shule wakati wa mapumziko, na stendini msiingie kabla ya kushuka na kupima kwa macho urefu wa geti na nyaya. Mkono wa birika ndio unaopita juu kuliko kitu kingine chochote, na mwenye kukaa kwenye usukani hauoni. Mwaka wangu wa pili ulinasa waya wa taa za banda la chipsi, giza likaingia kwa watu waliokuwa wakila, nami nikapewa majina ambayo sitayaandika hapa.

Jambo la muziki lina adabu yake, na katika wilaya za Rungwe na Kyela adabu hiyo ni nzito. Huko msiba ni wa watu wote. Mkiona turubai limefungwa kando ya njia, au akina mama wamejitanda kanga wakitembea kwa mstari, zimeni spika mkiwa bado mbali, zimeni na taa za urembo, kisha mpite polepole bila kusimama. Msingoje mtu awapungie mkono, maana akishapunga mmeshakosea. Kuna timu moja ya matangazo ya bidhaa nyingine, ambayo sitaitaja, iliyopita msibani ikipiga muziki wa singeli, na kwa msimu mzima uliofuata wenyeji wa kijiji kile hawakuwa tayari kusikia habari ya gari lolote lenye spika. Tulikwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa letu, maana kwa wenyeji magari ya matangazo yote ni ukoo mmoja. Jifunzeni walau salamu: “Kamwene” itawafungulia milango Iringa na Njombe, na “Ndaga fijo” mkiwa mnashukuru Tukuyu itawafanya msahauliwe makosa madogo.

Ratiba ya mwaka ifuateni kwa kuangalia mashamba. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo mkulima ameshazika fedha yake kwenye mbolea, kwa hiyo atalitazama birika, atacheza, na hatanunua. Barabara za vijijini nazo ni tope. Mpunga wa Mbarali ukishavunwa, katikati ya mwaka, Igurusi na Chimala zinachangamka, kisha kahawa ya Mbozi inaipa Vwawa fedha. Nendeni ambako mavuno yameuzwa, si ambako yanasubiriwa. Tukuyu mtaikuta na mvua hata mnapodhani msimu umekwisha, maana ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Zibueni matundu ya maji yaliyo chini ya birika kila jioni, la sivyo mtakuwa mnabeba kisima.

Ilikuwa Kiwira, mvua ya rasharasha ikinyesha, bibi mmoja alipokuja moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa birika akiwa ameshika kikombe cha bati. Alisimama pale akisubiri. Watu walianza kucheka, na promota wetu akamweleza kupitia maiki kwamba hili ni tangazo tu. Bibi aliangalia kikombe chake, akakifuta kwa ncha ya kanga, akasema kwa utaratibu, “Sasa mwanangu, birika kubwa hivi halina hata chai?” Nilimwambia, “Shikamoo bibi, nisamehe,” nikakosa la kuongeza. Jioni ile nilinunua chupa mbili za chai kwa fedha yangu, na tangu hapo gari halijawahi kutoka bila chai ya moto na vikombe. Kampuni ilikubali kuigharamia baada ya miezi saba. Chai ile imeuza kuliko moshi na spika kwa pamoja, hasa Njombe mwezi wa saba, asubuhi ambayo watu wanaongea huku mvuke ukiwatoka vinywani.

Juu ya fedha, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila unapojaza mafuta, hata kama mhudumu anasema mashine ni mbovu, na andika marejesho ya masurufu usiku uleule kabla ya kulala. Nimewahi kukatwa posho ya siku tisa kwa risiti ambazo maandishi yake yalifutika kwa jua juu ya dashibodi. Zipigeni picha siku hiyohiyo. Na kwenye gesti, ombeni chumba ambacho dirisha lake linaangalia gari, kwani kuna watu wanaoamini kwamba ndani ya birika mna majani ya chai.

La mwisho ni kifuniko. Kimeshikwa kwa nati nane, na ukanda wa Makambako una upepo unaolipiga gari ubavuni, ambao dereva wa Canter tupu hausikii lakini ninyi mtausikia mikononi kama mtu anayevuta usukani. Msishindane nao, shusheni mwendo hadi 50 hata kama basi linawawashia taa nyuma. Mkifika Igawa simameni, pandeni ngazi na spana namba 17 na kuzikaza nati zote nane. Mbili za upande wa kushoto hulegea kwanza, na ya tatu kutoka nyuma imekula uzi. Nimeifunga kwa waya, msiufungue mpaka fundi apate nati mpya.