Uliza Soka: Mbona Ureno walishinda 4-1 wasifuzu?

SWALI: Salamu, wahariri. Oktoba 11, 2022, kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la Wanawake, Ireland waliifunga Scotland 1-0 wakafuzu. Siku hiyohiyo Ureno waliichapa Iceland 4-1 wakaambiwa wasubiri. Kwani mabao hayahesabiwi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Yanahesabiwa, ila pointi zikilingana tu. Raundi ya pili ya mchujo wa Ulaya ilikuwa na washindi watatu, na nafasi za moja kwa moja zilikuwa mbili. Watatu hao wakapangwa kwa pointi za makundi, ukijumlisha 3 za ushindi wa raundi hiyo. Raundi ya kwanza haikuingia kwenye hesabu. Ureno kuitoa Ubelgiji 2-1 ilikuwa nauli tu.

Wengi hukosea hapa: makundi mengine yalikuwa na timu tano, mengine sita. Kwa hiyo aliyetoka kundi la timu sita alifutiwa mechi zake zote mbili dhidi ya aliyeburuza mkia. Ureno walikuwa na 22. Toa 6 walizochuma kwa Bulgaria, zinabaki 16. Ongeza 3, unapata 19. Uswisi, walioifunga Wales 2-1 katika dakika za nyongeza, walikuwa na 25. Toa 6 za Moldova, ongeza 3, 22. Ireland walitoka kundi la timu tano, nyuma ya Sweden, hivyo hawakufutiwa kitu: 17 na 3 ni 20.

Pointi moja! Hata Ureno wangefunga kumi, ingekuwa vilevile. Ikabidi wasafiri hadi New Zealand kwenye mchujo wa mabara, na Februari 2023 wakaitoa Cameroon 2-1 kwa penalti ya Carole Costa ya dakika za majeruhi.

SWALI: Scotland walikuwa nyumbani, Hampden Park. Walikwama wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwanza kwa kipa. Courtney Brosnan alipangua penalti ya Caroline Weir mapema kipindi cha kwanza, na dakika ya 72 Amber Barrett, aliyeingia kutoka benchi, akafunga. Pili ni miguu, jambo ambalo mashabiki hulipuuza. Siku tano kabla, Scotland walihitaji dakika 120 kuitoa Austria. Ireland, kwa kuwa miongoni mwa washindi wa pili watatu bora wa makundi, waliianzia raundi ya pili moja kwa moja. Walipoingia Hampden hawakuwa na mechi yoyote ya mchujo miguuni.